Jina la Sindano

Maman Virginie alipokuwa akipanda kile kinjia cha Kadutu, hapa Bukavu, kinachopita nyuma ya soko, mkononi ameshika papai au kopo la maziwa, watu walitazama kwanza anaelekea nyumba gani. Akipita mlango wako, unamshukuru Mungu. Akisimama kwako na kubisha, hapo wenye mgonjwa walitazamana, na mmoja wao alitoka kumwambia kwamba mgonjwa amelala, au amepelekwa kwa ndugu zake kule Walungu, au mgonjwa gani tena maman, hapa hakuna mgonjwa. Na huku mgonjwa mwenyewe anakohoa nyuma ya pazia. Virginie aliacha papai lake kizingitini akashuka zake. Hata hilo papai hawakulila, walimpa mbuzi.

Mtaani walimwita Maman Mwisho. Jina hilo hakubandikwa na adui. Alilitengeneza mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya umati na vipaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine yote. Ulimi hauna mfupa, lakini wake ulimvunja mifupa.

Tuanze na mume wake, maana mambo yote yalianzia kwa mume wake. Léopold alikuwa mwashi. Zile kuta za mawe zinazozuia nyumba za Kadutu zisiteremke zote mpaka ziwani, nyingi alizijenga yeye. Alikuwa mtu wa nguvu, mtu wa mizaha, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hakuikataa. Ulikuwa ule mwaka serikali ilipotuamuru tutupe majina ya ubatizo tuchukue ya mababu. Nchi ilikuwa imekwisha kubadilishwa jina, na mto, na pesa. Léopold hakupata hata nafasi ya kulizoea jina lake jipya. Paja lilimvimba, hospitali wakalitazama, wakasema ni kansa ya mfupa, wakamrudisha nyumbani na aspirini.

Aspirini, kwa mtu anayeliwa mfupa. Mimi nikifika hapa huwa natukana, basi leo nitajizuia.

Alilia miezi. Mwanzoni alilia chini ya blanketi kwa sababu ya haya, kisha haya ikamwisha. Kilio chake kilishuka kilima kizima. Majirani wakawa wanafungulia radio, muziki wa Kinshasa kwa sauti yote, na mtu asiwahukumu, nao walikuwa na watoto wa kulisha na hakuna anayeweza kumeza tonge na ile sauti masikioni. Siku moja Léopold alimwomba mkewe achukue nyundo yake ya kazi amsaidie kumaliza. Aliomba kwa upole, kama mtu anayeomba maji. Virginie aliitoa ile nyundo nyumbani akaitumbukiza chooni, na mume wake akamlaani kwa kitendo hicho, na akafa bado hajamsamehe.

Baada ya matanga Virginie alirudi hospitali akamngoja munganga, yaani daktari, mpaka alipotoka.

"Munganga, kwa maumivu kama yale ya bwana yangu, dawa haiko duniani?"

Munganga alikuwa Mkasai aliyechoka, macho mekundu, lakini hakuwa mwongo. Akamwambia dawa iko, inaitwa morfini, ni sindano ndogo tu. Haimponyi mtu, inamtuliza maumivu basi. Ila katika mkoa wa Kivu haiko. Iko Kinshasa, na lazima mkoa uiombe, na mkoa hauiombi, kwa sababu wakubwa wanaogopa itaibwa na watu wataivuta kama bangi.

"Kwa hiyo mutu afe akilia, kusudi mwingine asilewe?"

"Maman," akasema yule munganga, "mimi natibu wale wanaopona."

Basi, Virginie akaanza. Alikuwa muuza unga wa muhogo sokoni Kadutu, darasa alilokomea la tano, na ofisi ya serikali aliijua kwa nje tu. Kibanda alimwachia mdogo wake Rosalie, ambaye alikuwa mshonaji na aliweka cherehani yake pale pale kando ya magunia. Hawa wawili walizaliwa tumbo moja, wakasoma pamoja, wakaimba kwaya pamoja, wakawa wajane mmoja baada ya mwingine. Rosalie ndiye aliyemshonea lile gauni la kuendea ofisini. "Yaya," alimwambia, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "wakubwa wanasikiliza nguo kwanza," na alikuwa na haki.

Virginie alipanda malori. Alifika Kavumu, alifika Kalehe, alifika Mwenga kwa wachimba dhahabu wanaokufa kwa kukosa pumzi. Misa ikiisha aliomba ruhusa, akasimama mbele ya watu akauliza neno moja: nani hapa alimuona mutu wake akifa kwa kulia? Mwanzoni walikuwa wanatazama chini. Kisha mama mmoja ananyanyua mkono, kisha mwingine, kisha kanisa zima limejaa mikono na watu wanalia vilio vya miaka iliyopita. Wengine walimfuata mpaka Bukavu wakakaa naye kwenye mabenchi ya ofisi. Kule waliambiwa warudi juma lijalo. Juma lijalo waliambiwa mkubwa yuko safarini. Kijana mmoja wa abakosti, ile suti ya serikali isiyo na tai, shingo imekaza, alimwita mwananchi kwa Kifaransa akamjibu hivi: "Citoyenne, katika Zaïre hakuna mwananchi anayelia. Hiyo ni propaganda ya maadui."

Miaka ilipita hivyo. Mtu mwingine angeacha. Virginie alikuwa Mushi wa Walungu, na watu wa kule ukiwaambia mlima hauna njia wanakuuliza nani kakwambia wanatafuta njia.

Mwishowe mlango ulifunguliwa na ngoma. Siku hizo mkubwa yeyote akifika, wamaman wa soko walitolewa kucheza animasyo, zile ngoma za kukisifu Chama, umevaa kitenge cha Chama unatikisa kiuno unatabasamu, utake usitake. Komiseri wa mkoa alikuwa mpya, amekuja kujionyesha uwanjani, na ilibidi mama mmoja wa soko atoe salamu za wanawake. Wakamchagua Virginie kwa sababu alikuwa na sauti. Walimfundisha maneno: asante kwa Chama, asante kwa amani, asante kwa barabara. Barabara gani, Mungu peke yake anajua.

Alisema asante zote. Kisha badala ya kushuka, akakamata kile kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Citoyen Komiseri, sisi wote hapa tutakufa, hata wewe. Mutu akifika mwisho wake, Padri anamuletea mafuta ya mwisho kusudi roho yake itulie. Na mwili wake, nani anautuliza? Bwana yangu alikufa akiomba nyundo. Tunaomba serikali nayo ilete yake. Padri alete mafuta ya mwisho, serikali ilete sindano ya mwisho."

Wale vijana wa Chama waliomfundisha walikuwa wanatafuta pa kujificha. Halafu kigelegele kimoja kikapanda kutoka katikati ya wacheza ngoma, kirefu, na hicho kilikuwa cha Rosalie, na nyuma yake wamaman wote wakajibu. Komiseri alivua miwani akaifuta. Wanasema mama yake mzazi naye alikufa vibaya. Alirudia maneno yale yale kwenye kipaza sauti, "Sindano ya mwisho itafika Kivu nzima," na jioni radio ya mkoa ikayarudia kwa Kiswahili, na kesho yake tena, na juma lote. Kuanzia Uvira mpaka Kalehe hakuna aliyebaki bila kuyasikia.

Virginie alitembea juma hilo miguu haigusi ardhi. Mtu mmoja tu hakumpongeza sawasawa, naye alikuwa Padri Camille wa parokia yao, mzee wa hapa hapa, aliyewazika wengi kiasi cha kuwajua.

"Umesema vizuri, Maman Virginie. Lakini umeokota jina ambalo sisi tulilitupa. Roma imelibadilisha, hatusemi tena mafuta ya mwisho, tunasema mafuta ya wagonjwa. Unajua sababu? Nikibisha mlango na kale kamfuko kangu, mgonjwa anazimia kwa woga mbele sijafungua kitabu. Wanangoja mpaka mtu amekwisha kufa nusu, ndipo wananiita. Halafu akifa wanasema padri amemmaliza."

Virginie akacheka. "Padri, nchi hii imebadilisha jina la mto. Jina la sindano litatushinda?"

Dawa ilifika kweli, na tusiinyime serikali haki yake, ilifika. Ilishuka na ndege Kavumu katika sanduku lenye kufuli, ikapelekwa hospitali, ikawekwa kwenye kabati la chuma, na ufunguo akapewa infirmier Constantin, muuguzi, kijana wa watu, mnyenyekevu. Wa kwanza kuhitaji alikuwa papa Alphonse, mwalimu mstaafu mwenye kansa ya koo. Constantin aliwaambia wanawe mapema: tuanze sasa, apate kula, apate kuzungumza nanyi. Wakakataa. Sindano ya mwisho, bado baba anatembea? Walikuja kumwita siku ambayo pumzi ilikuwa imebaki kooni tu, na macho yamegeuka. Constantin akamchoma, na mzee akakata roho jua halijashuka.

Soko likasema: munaona.

Wa pili alikuwa hivyo hivyo, na wa tatu. Kila aliyechomwa alikufa siku ile ile, kwa kuwa hakuna aliyekubali achomwe mbele ya siku ile. Nenda kawaeleze. Virginie alieleza mpaka sauti ikakauka. Akaona bora abadilishe jina, na hapo ndipo alipokutana na ubaya wa lugha yetu. Alisema tuiite sindano ya kupumzika. Wakamuuliza, apumzike kwa amani? Alisema basi sindano ya kulala. Kulala wapi, chini ya udongo? Alisema sindano ya kutulia, ya amani, ya faraja. Kila neno zuri alilolishika, marehemu alikuwa amekwisha kulivaa. Akarudi kwenye jina lake la kigeni, morfini, na watoto wa Kadutu wakalisikia "mort," kifo kwa Kifaransa chao cha shule, wakalikimbia wakipiga kelele. Nchi hii iliwabadilishia watu mamilioni majina yao kwa siku moja, na ukimwita mtu la zamani mbele ya polisi unalipa faini. Hiyo sindano moja tu, jina lake likakataa.

Ndipo watu wakaanza kumwita Maman Mwisho, na milango ikafungwa.

Halafu Rosalie akaugua.

Ilianza kwa damu, yeye akaficha. Alipokuja kusema, kizazi kilikuwa kimekwisha kuharibika na munganga hakuwa na la kukata. Maumivu yalikaa kiunoni yakashuka miguuni, akashindwa kukanyaga cherehani. Alilazwa nyumbani kwake, karibu na nyumba ya dada yake, ukuta kwa ukuta. Binti yake Euphrasie, aliyeolewa Kavumu, akaja kumuuguza. Na hapo Virginie aliona kwamba yote aliyoyatembea, malori yale na mabenchi yale, Mungu alikuwa anamtuma kwa ajili ya siku hii. Kwa Léopold alichelewa. Kwa Rosalie hatachelewa. Aliapa hivyo, peke yake, mbele ya magunia yake ya unga.

"Rosalie," alisema, "nimuite Constantin?"

"Yaya, mi bado."

"Haiko ya kufa. Mimi mwenyewe niliiomba, mimi najua."

"Uliiomba ya mwisho. Mimi nilikuwa pale, nilikupigia hata kigelegele." Akajaribu kutabasamu, maumivu yakamkata. "Mi sijafika mwisho, yaya. Nikifika nitakuambia."

Hakuna lililosaidia. Rosalie alikuwa mtu wa imani na mtu wa woga, kama sisi wote. Usiku na mchana alikunja magoti, anauma kanga, anatoa jasho. Euphrasie alitoka nje kulia. Na siku moja, mchana, Virginie akiwa anachekecha unga, alisikia sauti ya mdogo wake ikipenya ukuta, na mara ile ile nyumba ya upande wa pili mtu akafungulia radio. Chekeche ilimwanguka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Constantin.

"Mwambie iko vitamini."

"Maman, hiyo inaitwa kumudanganya mugonjwa."

"Na kumuacha alie, hiyo inaitwaje?"

Constantin alikuwa na dawa imejaa kabati na hakuna wa kumpa, naye kila siku anasikia vilio. Akachukua mfuko wake wakaondoka.

Rosalie alikubali vitamini bila neno. Nani anakataa vitamini. Alichomwa asubuhi, na mbele ya adhuhuri miguu ilinyooka, ile miguu iliyokuwa imekunjwa majuma mengi. Akalala. Euphrasie alimtazama mama yake kwa hofu, Virginie akampa ishara anyamaze. Jioni Rosalie aliamka, akapangusa mdomo, akauliza kwa nini nyumba hii hainuki sambaza. Walimpikia sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, na bugali, akala akalamba vidole.

Constantin alikuja kila siku na vitamini yake. Haikuwa uponyaji, kansa iliendelea na kazi yake chini kwa chini, lakini mtu alikuwa amerudi. Rosalie aliketi mlangoni. Aliwakemea watoto wa jirani. Aliomba kitambaa akashona kwa mkono kile kipindo cha gauni la dada yake kilichofumuka zamani. Alikumbusha jinsi walivyoiba viazi vitamu vya sista mkuu kule shuleni wakavila vibichi, na jinsi Virginie alivyoungama kwa padri na kumtaja na yeye. "Wewe tangu zamani kinywa chako hakina mlango," alisema, wakacheka mpaka machozi. Kila aliyekuja kumwona alimsifia ile vitamini, na wawili watatu wakaenda hospitali kuulizia na wao wapate. Virginie alisikia yote hayo na moyo wake ukajaa, na moyo uliojaa ndio unaomwaga.

Maana Constantin alimletea habari mbaya. Mkaguzi wa dawa wa mkoa atakuja Alhamisi. Amesikia sindano zimekaa bila kutumika, wananchi hawazitaki, basi ataziamuru zirudi Kinshasa na mambo yaishe. Labda, alisema Constantin, labda kukipatikana mgonjwa mmoja, mzima, anayezungumza, aseme imenisaidia. Wengine wote waliochomwa wako makaburini.

Furaha ilimnyima Virginie usingizi. Mmoja yupo. Ameketi pale mlangoni anashona. Rosalie atapelekwa kwa kiti mpaka hospitali, atasema kwa kile kinywa chake cha kwaya, na Kivu nzima itasikia kama ilivyosikia mara ya kwanza. Jina lenyewe litakufa siku hiyo, si mtu.

Aliamkia kwake asubuhi. Rosalie alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, jua linampiga miguuni.

"Rosalie, ile vitamini unaisikia namna gani?"

"Yaya, kama mutu amenitua muzigo."

"Basi nisikilize. Haiko vitamini."

Vidole vya Rosalie viliendelea kidogo peke yao kwenye maharage, kisha vikasimama.

"Iko nini?"

"Njo ile sindano yangu. Tangu siku ya kwanza. Na unaona, uko muzima, unakula, unacheka. Alhamisi uje uwaambie."

Alikuwa anatabasamu alipokuwa anasema. Alingoja mdogo wake acheke, amtukane kidogo kama wanavyotukanana, kisha aseme haya basi, umenishinda. Ungo ukateleza kutoka magotini mwa Rosalie, maharage yakatawanyika uani.

"Yaya," akasema, "uliona nachelewa?"

Virginie alipiga magoti. Alieleza, aliapa kwa jina la mama yao, alishika miguu yake. Rosalie aliivuta ile miguu. Alimwita Euphrasie amsaidie kuingia ndani, na mlango ukafungwa, huo mlango nao. Constantin alipokuja siku hiyo alikuta Euphrasie amesimama kizingitini na mchi wa kinu mkononi. Chakula alichopika Virginie kilirudishwa na sahani yake.

Padri Camille alikwenda kumsemesha. Rosalie alipokea mafuta, aliungama, alitulia. Padri alipomwambia sindano si dhambi na wala haiui, akajibu: "Padri, hata haya mafuta ulituambia hayaui. Na mama yetu alikufa siku ile ile ulimupaka." Mzee wa watu alifunga kamfuko kake akatoka.

Maumivu yalirudi, na yalirudi na deni. Alhamisi mkaguzi alikuja, akauliza nani wa kusema. Virginie alisimama akasema peke yake, na mkaguzi akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho, akamuuliza, "Na mgonjwa mwenyewe, citoyenne, yuko wapi?" Mgonjwa alikuwa kwake amefungiwa, kilio chake kinasikika mpaka barabarani, lakini hakuwa akisema sindano imemsaidia. Sanduku likafungwa kufuli, likapanda gari kwenda Kavumu kwenye uwanja wa ndege. Virginie aliliona likipakiwa. Mkoa mzima, miaka yote ile, ulitosha ndani ya sanduku ambalo mtu mmoja alilibeba begani.

Siku mbili tatu baadaye, saa za mchana, Euphrasie alikuja kugonga kwake. Macho yamevimba.

"Maman mukubwa, mama anakuita. Anasema amekusamehe."

Virginie akaanza kutafuta viatu vyake.

"Anasema alifikiri vizuri," Euphrasie akaendelea. "Anasema ile sindano yako, kila aliyechomwa alikufa siku ile ile. Yeye hakufa. Basi haikuwa ile, ilikuwa vitamini ya kweli, na wewe ulimudanganya kusudi uende naye mbele ya mkaguzi. Amekusamehe huo uongo. Anaomba Constantin amuletee tena ile vitamini. Anaomba sana, maman mukubwa."

Hakuna aliyewahi kumwona Maman Virginie akikimbia tangu utoto wake. Siku hiyo alikimbia, gauni limeshikwa juu ya magoti, anashuka kile kinjia, watu wanampisha. Constantin alifungua kabati la chuma ili aone kwa macho yake. Rafu ilikuwa tupu, hata vumbi lilikuwa limefutwa. Kwenye kabati la pili, la mbao, kulikuwa na vitamini, vitamini ya kweli, sanduku zima.

Walitazamana. Kisha Constantin akaichukua hiyo.

Rosalie alikuwa amebaki mifupa na macho. Alimshika dada yake mkono, akamvuta akae kitandani, akanyoosha ule mkono mwingine kwa Constantin. Sindano ilipoingia alifumba macho akatabasamu.

"Njo hii," akasema. "Aksanti, yaya. Njo hii hii."

Constantin alikusanya vitu vyake akatoka haraka, na hakumtazama mtu. Wakabaki wawili, kama zamani. Rosalie alingoja. Uso wake ulikuwa na subira ya mtu aliyeko kituoni na anajua gari lake halikosi. Maumivu yalimjia, akauma mdomo, akayaacha yapite, akaufinya mkono wa dada yake.

"Ngoja kidogo," alimtuliza Virginie, maana Virginie alikuwa analia. "Bado haijashuka. Mara ya kwanza nayo ilikawia. Itaanza tu."

"Ndiyo," akasema Virginie. "Itaanza."

"Ni ile ile, yaya?"

"Njo ile ile."

Jua lilihama kutoka dirishani likaingia ukutani. Rosalie akaanza kukunja magoti, polepole, anajizuia asimsikitishe dada yake, na akauliza tena kama haijaanza. Virginie akasema bado kidogo. Nyumba ya upande wa pili mtu akafungulia radio.